Kitovu cha Shadia

Damu ilitoka asubuhi, kabla chai haijachemka. Shadia alikuwa ameegemea ukuta wa jiko akilalamika kwamba kichefuchefu leo kimemzidi, na mama yake, Mwaisha, akamjibu bila kugeuka kwamba mimba ya miezi saba haina kichefuchefu, hayo ni maharage ya jana. Mwaisha alikuwa na jibu la kila kitu. Ndivyo alivyojulikana kijiji kizima, huko juu ya Kinole kwenye migomba na pilipili manga, na wala hakuona haya kujulikana hivyo. Kisha akasikia kitu kinamwagika, akageuka.

Haikuwa damu ya kutema. Ilikuwa nyingi, ya kujaza bakuli, nyekundu yenye mabonge meusi ndani yake, na ilikuwa imetapakaa juu ya majivu na kanga mpaka kwenye miguu ya Shadia. Binti mwenyewe alikuwa anaitazama tu.

"Mama," akasema, "hii imetoka kwangu?"

Mwaisha akamshika mabega, akapaza sauti kuita majirani.

Shadia alikuwa na wiki mbili tu tangu apande mlimani. Kwake ni Kihonda, huko chini mjini, na mumewe Yusuph anafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga huko huko. Lakini mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama, na Mwaisha alishuka mwenyewe kumfuata binti yake. Yusuph alijaribu kumwomba kwa adabu zote. "Mama, si bora abaki huku, karibu na hospitali?" Mwaisha akacheka. "Kwani wewe ulizaliwa hospitali?" Yusuph akainamisha kichwa na kusema ndiyo, mama, nilizaliwa hospitali. Jibu hilo halikumsaidia kitu. Kesho yake Shadia alifungasha nguo.

Sasa hapakuwa na gari. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na barabara ya kushuka ilikuwa utelezi mtupu. Aliyepatikana ni Salehe, jirani mwenye bodaboda, mtu mzima mwenye watoto wanne na maneno machache. Alipoiona ile kanga hakuuliza nauli wala hakuuliza kimetokea nini. Wakampakia Shadia katikati, Mwaisha akakaa nyuma yake, akavizungushia viuno vyao wote wawili kitenge na kufunga fundo la nguvu.

"Mama Shadia, ukiona analegea nipige bega," alisema Salehe.

Hakuna njia ambayo Mwaisha aliijua vizuri kuliko ile. Ameipita na mikungu ya ndizi kichwani tangu akiwa msichana, na hakuna siku aliyowahi kuiogopa. Siku hiyo aliogopa kila kona. Aliogopa pikipiki isianguke, akaogopa Salehe asipunguze mwendo, na akaogopa zaidi kimya cha mwanawe. Shavu lake lilikuwa limegusa shingo ya Shadia na shingo ile ilikuwa ya baridi, imelowa jasho. Aliomba dua zote anazozijua, na zilipomwishia akaanza upya. Walipokaribia Kinole Shadia alitapika tena, damu ikamwagika yote mgongoni mwa Salehe. Salehe hakugeuka. Aliongeza mafuta.

Kinole wakapata gari, Noah iliyokuwa inasubiri abiria. Dereva alimtazama Shadia mara moja, akawateremsha wawili waliokwisha kukaa, akawasha gari.

Katika hospitali ya mjini mambo yalikwenda haraka kiasi kwamba Mwaisha aliachwa nyuma ameshika viatu vya mwanawe. Shadia alitundikiwa maji mikono yote miwili. Nesi wa mapokezi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi, akauliza huku anaandika.

"Anakunywa pombe?"

"Pombe! Mwanangu huyu hajawahi hata kuionja."

"Mama, nimeuliza tu. Mtu akitapika damu hivi tunauliza. Dawa za kienyeji je?"

"Hapana."

"Aliwahi kuumwa homa ya manjano? Ini?"

"Hajawahi kuumwa chochote," akasema Mwaisha, na hapo ndipo alipoanza kusema uongo, ingawa wakati ule hakuuona kuwa ni uongo. Alikuwa anamtetea mtoto.

Yusuph alifika mbio, pumba za mpunga zimemjaa nyusini, na nyuma yake wenzake watano wa mashineni waliokuja kutoa damu. Alimwamkia mkwewe shikamoo bila kumtazama usoni. Hakusema hata neno moja la "nilikwambia". Mwaisha angependa zaidi angelisema.

Daktari alikuwa kijana, jina lake Anselmi, mpole, mwenye tabia ya kukaa kitandani kwa mgonjwa anapoongea. Jioni ile ile walimwingiza Shadia mpira wenye kamera mdomoni mpaka tumboni. Daktari akatoka na habari kwamba mishipa mitatu, chini kabisa ya koo la chakula, ilikuwa imevimba kama vidole na mmoja umepasuka. Walikuwa wameifunga kila mmoja kwa kipete cha mpira. Damu imesimama. Mtoto tumboni anacheza.

Siku ya pili wakampima kwa ile mashine ya kupaka mafuta tumboni, wakazunguka nayo muda mrefu, si kwa mtoto tu. Siku ya tatu Dk. Anselmi akaja na karatasi, akakaa kitandani.

"Shikamoo mama. Nina habari njema moja. Ini la Shadia ni zima kabisa."

"Alhamdulillahi!" Mwaisha alitaka kusimama. Kwa siku tatu wodi nzima ilikuwa inanong'ona habari za ini.

"Subiri kidogo, mama. Ini ni zima, lakini mshipa mkubwa unaopeleka damu kwenye ini umeziba. Damu ya tumboni na ya bandama lazima ipite hapo. Fikiria barabara ya Msamvu imefungwa. Magari hayarudi nyumbani, yanajipenyeza vichochoroni. Hivyo vichochoro ndiyo hiyo mishipa ya kooni. Haikuumbwa kubeba mzigo huo, inavimba, inapasuka. Na bandama lake limekuwa kubwa, limejificha huku kushoto nyuma ya mimba. Ukubwa huo ndio uliotufanya tutafute."

"Sasa umezibwa na nini?" aliuliza Yusuph.

"Na damu iliyoganda. Hilo ndilo ninalotaka mnisaidie. Si ganda la juzi, maana mwili umeshatengeneza njia za pembeni. Lakini kipimo hakiniambii kama ni la miaka miwili au ishirini." Akamgeukia Mwaisha. "Mama, Shadia alipokuwa mchanga, kitovu chake kiliwahi kuharibika? Kutoa usaha, kunuka, akapata homa? Uchafu wa kitovu huweza kupanda ndani mpaka kwenye mshipa huu na kuuziba."

Wodi ilikuwa na kelele za sahani na watoto, lakini Mwaisha hakuzisikia tena.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, pale zahanati, nesi mmoja mwenye sauti kubwa alimkabidhi mtoto na kumwambia mbele ya wanawake wote: kitovu hiki usikipake kitu, ukikipaka nitajua, na ole wako. Mwaisha akaitikia. Siku ya tatu kitovu kilikuwa bado kibichi. Hakuna aliyemshauri, si mama yake wala jirani. Ni yeye mwenyewe, kwa ujuaji wake, aliyekwangua masizi chini ya chungu, akayachanganya na mafuta ya nyonyo, akapaka. Siku ya tano kitovu kilinuka. Pembeni kulikuwa kwekundu, na mtoto alikuwa wa moto hata kumshika ilikuwa taabu.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja. Lakini mtoto hatolewi nje kabla ya siku saba, ndivyo alivyomwambia kila aliyeuliza, na wote wakakubali kwa kuwa ndiyo desturi. Desturi ilikuwa kisingizio. Mwaisha aliogopa kugombezwa. Alimwona nesi yule akifungua nguo za mtoto, akiyaona masizi, akipaza ile sauti watu wa foleni nzima wamgeukie. Basi akakaa ndani, akasaga nusu kidonge cha septrini, akamnywesha mtoto, akalia kimya kimya. Siku ya tisa homa ilishuka. Kitovu kikakauka. Mwaisha akajiona ameshinda, na kwa miaka iliyofuata akawa ndiye anayeulizwa habari za vitovu pale kijijini.

"Mama?" daktari alirudia.

"Hapana," akasema Mwaisha. "Kilipona vizuri."

"Na hizi chale za ubavuni?"

"Za kinga tu. Ukoo wetu wote tunachanjwa."

Dk. Anselmi akaandika. Hakuonekana kuridhika, lakini atafanyaje, mama mtu ndiye anayejua. Akaeleza kwa upole kwamba, kama hakuna sababu ya utotoni, basi inabidi kushuku kuwa damu ya Shadia ina tabia ya kuganda ovyo, na mimba huizidisha tabia hiyo. Vipimo vya kuthibitisha vimepelekwa Dar es Salaam, majibu ni wiki mbili. Wiki mbili hawezi kusubiri. Ganda likiongezeka, matumbo yanaweza kufa, na mama na mtoto pamoja nayo. Kwa hiyo kesho saa nne wataanza sindano za kuzuia damu kuganda.

"Hizo sindano si zitamfanya atoke damu?" Yusuph aliuliza.

"Ndiyo hofu yangu, kaka. Ni siku chache tu tangu tuifunge ile mishipa. Vile vipete vikidondoka vinaacha vidonda, na kidonda kikitoa damu wakati yuko kwenye sindano..." Akalitazama tumbo la Shadia. "Ningekuwa na sababu ya kutoanza, nisingeanza."

Alipoondoka, Shadia alimshika mama yake mkono. Midomo yake ilikuwa myeupe kwa kupungukiwa damu.

"Mama, hukumbuki chochote kweli? Hata kidogo?"

"Ningekumbuka ningesema, mwanangu."

Sasa huo ulikuwa uongo mzima, na Mwaisha aliujua.

Usiniulize alilalaje. Asubuhi alikwenda bombani kuosha kikombe akakiosha mara nne. Alijipa sababu. Daktari ni msomi, hawezi kutegemea maneno ya mwanamke wa mlimani. Huenda sindano isimdhuru. Huenda damu kweli ina tabia hiyo, na masizi hayahusiki. Na akisema, je? Yusuph atasikia. Ukweni watasikia. Kaka yake, Hatibu, ambaye ndiye mjomba na mwenye kauli kwa watoto wa ukoo, atasikia. Na wale wanawake wote ambao aliwafundisha kupaka vitovu, ambao watoto wao wengine walikufa kwa homa na wengine wana matumbo makubwa mpaka leo, watakaa chini na kuhesabu. Lakini hao wote hakuwaogopa kama alivyomwogopa Shadia. Shadia alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki.

Aliporudi wodini ilikuwa saa nne kasorobo. Yule nesi wa miwani ya uzi alikuwa amekwisha kufika na trei. Juu yake kulikuwa na kisindano kidogo, kisichotisha hata kidogo. Shadia alikuwa amefunua tumbo upande mmoja na kufumba macho, na machozi yanamtoka kwenye pembe za macho yaliyofumbwa. Alikuwa anaogopa kama mtoto, na alikuwa amejikaza asionekane. Nesi akafuta ngozi kwa pamba.

"Usimchome," akasema Mwaisha.

Nesi akageuka. "Mama, tumeshaeleza..."

"Nimesema usimchome! Kitovu kilioza. Nilikipaka masizi na mafuta ya nyonyo, kikaoza, kikanuka siku nne nzima, mtoto ana homa, nami nimekaa naye ndani. Mwiteni daktari. Na bandama nalijua. Lilimvimba ana miaka minne, hizo chale nilimpeleka mimi zikachanjwa kwa ajili hiyo hiyo. Nilimdanganya daktari. Mwiteni."

Alikuwa amesema kwa sauti, na wodi nzima ilikuwa imegeuka. Nesi akaiweka sindano kwenye trei.

"Jamani, mama! Siku zote hizi! Mtoto wako angekufa hapa hapa tunatazama, kwa mkono wangu mimi! Mtu unaulizwa na daktari, unakaa kimya? Watu wazima mnatuua na hayo masizi yenu!" Na mengine ya namna hiyo. Ndiko kugombezwa kwenyewe, kule ambako Mwaisha alikukimbia akiwa na mtoto mchanga mwenye homa mapajani. Hakukuchukua hata dakika mbili. Kulipoisha, nesi akaondoka mbio kumwita daktari, na Mwaisha akabaki amesimama, mzima, hana hata alama.

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa hasira kuliko huzuni.

Dk. Anselmi hakugomba. Alikaa kitandani, akauliza siku ya ngapi, homa ya siku ngapi, bandama mwaka gani, akaandika yote. "Basi hili ganda lina umri wa Shadia mwenyewe," akasema mwisho. "Sindano tunaiacha. Vipimo vya Dar tutavingoja kwa utulivu. Atatumia vidonge vya kupunguza msukumo kwenye hiyo mishipa, na tutarudia kuifunga mpaka iishe. Asinywe dawa za maumivu za kununua dukani, asibebe mizigo, asipigwe tumboni hata kwa mzaha. Na atajifungulia hapa. Si mlimani."

"Hapa," akasema Yusuph.

Shadia alikuwa amelala ameelekea ukutani, shuka imefika sikioni. Mwaisha akamwita mara mbili, mwanangu, mwanangu, na mara ya pili shuka ikapanda juu zaidi.

Shadia hakumfukuza mama yake. Labda ingekuwa nafuu. Siku ya kuruhusiwa hospitali, Mwaisha alikwenda nao Kihonda, akapika, akafua, akafagia uwanja mpaka ukang'aa, na Shadia alimjibu kila alipoulizwa, maneno mawili, matatu, ya lazima. Shikamoo ya asubuhi hakuikosa. Zaidi ya hapo hakuna. Kila Shadia alipokohoa, Mwaisha alitoka jikoni mbio kutazama kama ni damu, akakuta si damu, akarudi. Majibu ya Dar yalikuja: damu haina tabia yoyote mbaya. Yusuph alimsomea mkwewe karatasi ile barazani, akamaliza, akaikunja. "Ahsante kwa kusema, mama," akasema. Mwaisha akachukua ufagio, akarudi uwanjani.

Siku ya uchungu alikaa nje ya mlango wa chumba cha kujifungulia tangu asubuhi mpaka alasiri. Alijua chupa mbili za damu ziko tayari ndani. Alijua Shadia amekatazwa kusukuma sana, maana kusukuma kunaweza kuipasua ile mishipa, na kwamba mtoto atavutwa kwa kifaa. Kila sauti ya mwanawe iliyotoka mle aliipokea kama ndiyo ya mwisho. Alipomsikia mtoto analia, alingoja amsikie na mama yake, na ilichukua muda mrefu sana kabla hajamsikia akiomba maji.

Alikuwa mtoto wa kike. Siku mbili baadaye walirudi Kihonda.

Hapo nyumbani Shadia alimhudumia mtoto peke yake. Alimwosha mwenyewe, akambadilisha mwenyewe, na kila alipomfungua aligeuka kidogo, mgongo wake ukawa kati ya mtoto na bibi yake. Mwaisha aliuona mgongo ule mara kumi kwa siku. Hakulalamika. Angelalamika kwa nani?

Siku ya tano asubuhi Yusuph alikuwa kazini. Shadia alitaka kwenda kuoga, na mtoto alikuwa ameamka analia. Alisimama na ndoo mlangoni muda mrefu, akamtazama mtoto, akamtazama mama yake, akamtazama mtoto tena. Uso wake ulikuwa na woga ule ule aliokuwa nao siku ya sindano. Kisha akaiweka ndoo chini, akamchukua mwanawe, akaja naye mpaka kwenye mkeka aliokalia mama yake.

"Mshike," akasema.

Mwaisha akanyoosha mikono, hakuamini.

"Lakini usimfungue. Mikono yako niione."

Akaenda kuoga, na mlango wa bafuni akauacha wazi. Mwaisha akampakata mjukuu wake, akaiweka mikono yake yote miwili juu ya kanga, mbele kabisa, akatandaza vidole, akakaa hivyo bila kuisogeza mpaka binti yake aliporudi.